Mawe Arobaini na Moja ya Mapambio

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake haliandikwi mpaka barua ya kuomba kulitaja ijibiwe, na barua hiyo imelala masjala tangu mwaka juzi. Basi tuiache bila jina. Ni nchi njema. Watu wake wapole, viongozi wake wengi, na hakuna jambo linalofanyika huko bila wananchi kushirikishwa. Wakishashirikishwa, huambiwa kilichoamuliwa.

Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Mapambio, na mji huo una halmashauri, na halmashauri hiyo ilikuwa na fundi mwashi aitwaye Mikidadi. Habari hii ni yake na ya mkewe, Mwatumu, Mungu amrehemu. Nawaambia mapema kwamba Mwatumu amekufa, msije mkacheka sana njiani mkanilaumu mbele ya safari.

Mikidadi alikuwa fundi wa kweli. Uashi aliurithi kwa baba yake, aliyemwachia wasia wa mambo mawili: kwamba ukuta usioshika timazi ni uongo uliosimama, na kwamba saruji ya watu ni amana. Wasia huo ulimtesa sana pale Mapambio, kwa sababu saruji ya mji ule ilikuwa na tabia ya kutembea. Ikitolewa mifuko kumi ya darasa, saba ilipotea njia ikafika kwenye nyumba za watu, mitatu ndiyo iliyofika shuleni, nayo ikachanganywa karai moja ya saruji kwa karai kumi na mbili za mchanga. Ndiyo maana madarasa ya Mapambio yalilala chini kila masika, na daraja la sokoni lilijengwa mara nne likazinduliwa mara sita.

Mikidadi hakuwahi kubeba nyumbani hata kopo. Wenzake walimwita Msalihina, na hawakuwa wakimsifu. Mtu asiyekula huwatia wengine kiungulia, kwa hiyo halmashauri ikamtoa kwenye madarasa na madaraja ikampa kazi ambayo saruji yake haiibiwi, maana hata wezi wa Mapambio wana adabu zao. Akapewa kazi ya kujenga mawe ya wageni rasmi.

Mawe hayo yalikuja na tabianchi. Mvua zilipoanza kuchelewa, na zikija zinakuja zote siku moja kama wageni wa msiba, serikali iliagiza kila halmashauri ipambane na mabadiliko hayo bega kwa bega na jamii. Mapambio ikapambana kwa kupanda miti. Mgeni rasmi alikuja, akapanda mti mmoja, akapigwa picha ameshika kopo la maji, akanywa soda, akaondoka. Mti haukuwa na wa kuupa soda, ukakauka katika wiki ya tatu. Lakini kando ya mti lilijengwa jiwe la zege, kimo cha kifua cha mtu mzima, upana wa mlango, lenye jina la mgeni na vyeo vyake. Waraka wa halmashauri ulikuwa wazi: mti ukifa jiwe likabaki, mti huo unahesabika hai. Kwa hesabu hiyo Mapambio ilikuwa na msitu.

Sasa, wageni wana magari marefu, na magari marefu yanataka mahali pa kugeuzia. Mahali pekee tambarare katika mji mzima palikuwa kwenye mdomo wa korongo la Mserereko, juu kidogo ya mtaa wa Bondeni. Hapakuwa na kisiki wala kichuguu, pametandazika kama mkeka. Hakuna aliyeuliza nani alipatandaza. Ni maji. Tangu enzi za mababu maji ya milimani yalipita pale, yakaingia korongoni, yakaiacha Bondeni ubavuni na kwenda zake kwenye majaruba ya mpunga bila kumsumbua mtu.

Mawe yakapangwa kwa itifaki, wakubwa katikati na wadogo pembeni, kutoka ukingo mmoja wa korongo hadi wa pili. Safu ya kwanza ilipojaa ikaanzwa ya pili, na kila jiwe la pili lilikaa mkabala na mwanya wa safu ya kwanza ili kila jina lisomeke na mtu aliyeketi kwenye hema. Mikidadi alichimba msingi wa kila moja hadi akagusa mwamba, akatia nondo, akachanganya karai moja kwa tatu. Katika mwaka wa saba yalifika mawe arobaini. Madarasa yalianguka, daraja likaanguka, ofisi ya kata ikaanguka ikiwa na mafaili ndani. Jiwe la Mikidadi hata moja halikupata ufa.

Aliyapenda, hakuna haja ya kuficha. Ijumaa akitoka msikitini alipitia pale, akapangusa vumbi kwenye herufi kwa kanzu yake mwenyewe. Jina la mtu aliyemdharau lilikuwa pale, limechongwa vizuri kuliko mtu mwenyewe.

* * *

Mwatumu alilima mchicha na matembele kule Bondeni, nyuma ya nyumba yao. Hakusoma sana, lakini alijua maji. Mkulima wa mboga huyajua maji kama mama mkwe anavyomjua mke wa mwanawe, yaani kwa kuyashuku.

"Baba Siwema," alimwambia mumewe siku moja akisonga ugali, "mvua ya juzi imeingia hadi kizingitini."

"Ilikuwa mvua kubwa."

"Mvua kubwa tumeziona tangu tuoane. Zilikuwa zinapita. Hizi sasa zinapiga hodi." Akaugeuza ugali. "Ni yale mawe yako. Yamebakiza mwanya wa kupita mbuzi wawili, na mbuzi wenyewe wawe wamekonda."

"Si mawe yangu. Ni mali ya serikali."

"Na mimi ni mali ya nani?"

Mikidadi alinawa mikono akala. Alijua mkewe anasema kweli. Fundi anayejua kuzuia maji yasiingie ukutani anajua pia yanapozuiwa huenda wapi. Lakini ni vigumu mtu kuichukia kazi aliyoifanya vizuri, na yeye katika maisha yake hakuwa na kitu kingine cha kujivunia ila mawe hayo na mwanamke huyo, na sasa viwili hivyo vilikuwa havipatani.

Halmashauri haikuwa na masikio mabovu. Ilisikia manung'uniko ya Bondeni, ikamtuma Afisa Tabianchi aitishe mkutano wa kushirikisha jamii. Afisa huyo, Bwana Adeltus, alikuwa kijana mpole mwenye shahada mbili na pikipiki isiyo na mafuta. Alifika akiisukuma, akabandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa kilabu cha wazee. Karatasi ilikuwa na safu tatu zilizochorwa tayari makao makuu: Kupanda Miti, Elimu kwa Umma, na Fulana.

"Leo ninyi ndio wataalamu," alisema. "Mimi nimekuja kujifunza. Semeni changamoto zenu, nami nitaziweka kwenye safu."

Mwatumu akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Changamoto yetu ni moja. Korongo limezibwa na mawe ya wageni. Mvua ikija kubwa itakosa njia, itapita kwetu. Tunaomba mawe yatolewe. Kuyabomoa tutabomoa wenyewe, hatuombi hata jembe."

Watu wote wakapiga makofi. Bwana Adeltus akapiga makofi pia, kisha akaitazama karatasi yake.

"Mama, hoja yako ni nzito mno," alisema. "Ila haina safu."

"Chora safu."

"Karatasi imeshapigwa muhuri."

Ikabidi hoja iingizwe kwenye Elimu kwa Umma, hivi: wakazi wa Bondeni bado hawajaelewa faida za mawe. Basi Bondeni ikaletewa elimu. Kwa siku tatu walifundishwa somo liitwalo Kuishi na Maji, wakatungiwa wimbo, na kila kaya ikapewa fulana ya kijani yenye maandishi kifuani: NINASTAHIMILI. Mwatumu aliivaa yake shambani. Kitambaa kilikuwa kizuri, na yeye hakuwa mtu wa kutupa nguo.

Hakuchoka. Alikwenda hadi ofisini kuuliza utaratibu wa kuondoa jiwe. Akaambiwa utaratibu upo na ni mwepesi: jiwe huondolewa kwa idhini ya maandishi ya mtu ambaye jina lake liko juu yake. Akazunguka miezi miwili na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Kati ya wageni arobaini, watano walikuwa wamefariki, watatu ni mabalozi nchi za mbali, na mmoja alikuwa gerezani, na jina lake lisingeguswa mpaka rufaa yake isikilizwe. Mmoja alikubali kwa moyo mkunjufu, kwa sharti kwamba jiwe lake livunjwe ili lijengwe kubwa zaidi. Wengine thelathini walimwambia arudi kesho. Mwatumu alirudi nyumbani na idhini moja, hiyo hiyo, akaitandika chini ya kinu kisicheze.

* * *

Mwezi uliotangulia masika kukaja habari kubwa. Mapambio imeshinda. Kwa kuwa na miti mingi iliyo hai kuliko halmashauri zote, itakabidhiwa kombe, na Waziri mwenyewe atakuja kupanda mti wa arobaini na moja. Jiwe lake liwe mara mbili ya mengine. Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, kwenye ule mwanya.

Siku hiyo Mwatumu hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Mikidadi. Alikuja akaketi karibu naye barazani.

"Baba Siwema, nakuomba kitu kimoja. Dada yangu wa kule mlimani kaniita nikakae kwake masika hii. Nataka kujua niende au nisiende. Ukijenga hilo jiwe, acha tundu chini. Hata kubwa la kupita ndama. Ukiniambia umeacha, nitabaki na mboga zangu. Ukiniambia hukuacha, nitafunga mzigo."

"Nitaacha," alisema Mikidadi. "Nakuapia. Maji yatapita chini ya jina."

Na kweli aliacha. Alilijenga jiwe la Waziri likiwa na upinde chini yake, upinde mzuri wa kufanana na mlango wa msikiti mdogo, na ndama angepita bila kuinama. Siku mbili kabla ya sherehe, Mkurugenzi wa halmashauri, Bwana Kijoga, alikuja kukagua. Alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba, hakukasirika haraka. Alizunguka jiwe mara mbili.

"Fundi, hili tundu ni la nini?"

"Njia ya maji, Mkurugenzi."

"Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri tumemweka juu ya mtaro."

"Si mtaro, Mkurugenzi. Ni korongo. Lilikuwapo kabla yetu."

"Mzee Mikidadi." Bwana Kijoga akamshika bega kwa upole kabisa. "Kazi yako yote haijawahi kuwa na tundu. Usiniharibie siku ya mwisho. Ziba."

Akaachwa peke yake na karai, mwiko na lundo la mchanga. Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo habari ilipo. Mikidadi angeweza kuziba tundu lile kwa majani na magunia, akapaka plasta unene wa kidole, na hakuna jicho la mtu lingejua. Maji ya kwanza yangeibomoa na kupita. Wazo hilo lilimjia. Lilimjia waziwazi, akasimama nalo. Kisha akaona haya, kama mtu aliyewazia wizi. Katika miaka thelathini hakuwahi kupaka plasta juu ya uongo. Mkono ukachukua kokoto, ukachukua nondo, ukachanganya moja kwa tatu, ukashindilia. Alipomaliza, tundu lilikuwa gumu kuliko jiwe lenyewe.

Jioni Mwatumu alimwekea maji ya kuoga, akamuuliza, "Umeacha?"

"Nimeacha," alisema Mikidadi.

Sijui kwa nini alisema hivyo. Yeye mwenyewe hajui. Labda alidhani mvua itachelewa, akipata nafasi atalitoboa. Mwatumu akamtumia dada yake salamu kwamba haji, akaenda kupalilia matembele.

* * *

Mvua haikuchelewa. Ilianza alfajiri ya siku ya sherehe, na hadi saa tatu asubuhi ilikuwa bado inamwagika kwa ndoo. Hema la wageni lilivuja sehemu za watu wa kawaida tu. Waziri alikuwa amepanda mti wake chini ya mwavuli ulioshikwa na watu wawili, kombe limekabidhiwa, hotuba imefika ukurasa wa kumi na sita.

"Ndugu wananchi!" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Wapo wanaobeza juhudi zetu. Wanasema mvua hazieleweki. Je, hii nini? Nauliza, hii nini? Mbingu zenyewe zimeshirikishwa!"

Makofi. Mikidadi alikuwa amesimama kando ya jiwe la arobaini na moja na kitambaa mkononi, maana aliagizwa alipanguse lisionekane limelowa. Ndiye peke yake aliyekuwa akitazama upande wa nyuma. Maji yalikuwa yamefika kwenye mawe, yakiwa mekundu, yamebeba matawi na mashina ya migomba. Yalisukuma. Mawe hayakusogea. Yalijaa hadi kwenye majina, yakaanza kuzunguka polepole kama ng'ombe anayetafuta upenyo kwenye boma, kisha yakauona. Ukingo wa kushoto ulikuwa udongo mtupu. Yakaugeukia ukingo huo, na chini ya ukingo huo ndipo Bondeni.

Mikidadi alitupa kitambaa, akachukua nyundo kwenye kikapu chake, akaingia majini hadi kiunoni. Akaligonga jiwe la Waziri pale palipokuwa na tundu. Akaligonga tena. Nyundo iliruka ikamrudia. Alipiga kwa nguvu zote za miaka yake, akilia, akimwita mkewe kwa jina lake, si Mama Siwema bali Mwatumu, Mwatumu, na zege lilimjibu kwa sauti kavu ya kitu kilichojengwa vizuri. Halikutoka hata chembe ya kujaza kiganja.

"Nani huyo anapiga kelele?" aliuliza Waziri.

"Ni fundi, Mheshimiwa. Anamalizia."

Ukingo wa kushoto ukabomoka. Waliokuwa hemani walisikia kishindo, wakadhani ni makofi, nao wakapiga.

Mikidadi alipofika Bondeni hakukuwa na mtaa. Palikuwa na maji na mapaa, na watu juu ya mapaa. Jirani yao, Bi Sihaba, ajuza asiyeweza kutembea, alikuwa juu ya mwembe wa majirani amefungwa kwa kanga kwenye shina. Kanga ilikuwa ya Mwatumu.

"Alinibeba mgongoni," alisema Bi Sihaba meno yakigongana. "Nikamwambia niache mwanangu, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Akasema tulia, bibi, haya maji si mengi, mume wangu ameyaachia njia. Yatapungua sasa hivi. Akanifunga hapa akarudi kuchukua wajukuu zangu."

Walimpata kesho yake kwenye majaruba, pamoja na wajukuu wawili wa Bi Sihaba, amewashika. Alikuwa amevaa ile fulana ya kijani. Mikidadi aliivua mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine.

Waliokufa walikuwa kumi na tisa. Mawe yote arobaini na moja yalisimama salama, na taarifa ya halmashauri ilisema hivyo katika aya ya kwanza.

Siku saba za matanga watu walimwambia Mikidadi kwamba ni kazi ya Mungu. Aliitikia, inshallah, alhamdulillahi, kila neno mahali pake. Moyoni alijua kazi ya Mungu ni mvua, iliyobaki ilikuwa yake. Na jambo moja lilimng'ata ambalo hakuweza kumwambia shehe wala binti yake Siwema: kwamba angekuwa mwizi wa saruji kama wenzake, mkewe angekuwa hai. Jiwe la mwizi lingeondoka na mvua ya kwanza. Bondeni nzima ilikufa kwa uaminifu wake.

* * *

Baraza la Madiwani lilikaa kwa dharura siku ya kumi na tisa. Lilisimama dakika moja kuwakumbuka marehemu, likaketi saa tano. Likaazimia kwamba mafuriko yalisababishwa na upungufu wa miti. Likaazimia pia kwamba Waziri aombwe kurudi kupanda mti wa maombolezo, na pawe na jiwe la kumbukumbu, la arobaini na mbili, mbele ya yale mengine.

Bwana Adeltus ndiye aliyetumwa kwa Mikidadi na maandishi. Alimkuta kwenye hema la waathirika, ameketi juu ya debe. Kijana yule alikaa chini kwenye tope, suruali yake ya ofisini na yote.

"Mzee, pole."

"Nimeshapoa. Lete."

Jiwe lilikuwa na nafasi ya mistari tisa. Mikidadi alisoma. MHESHIMIWA PROFESA WA HESHIMA KANALI MSTAAFU, MLEZI WA MISITU, BABA WA VIJITO, MSHINDI WA NISHANI YA USTAHIMILIVU DARAJA LA KWANZA, na bado jina lenyewe halijafika. Lilifika mstari wa nane. Mstari wa tisa uliandikwa: NA WANANCHI WENGINEO WALIOKOSEKANA.

"Majina yao yako wapi?"

"Niliyaandika yote kumi na tisa, mzee. Wallahi niliyaandika. Wakasema cheo cha Mheshimiwa hakipunguziki."

"Mke wangu aliitwa Mwatumu binti Kibwana. Ni maneno matatu."

Bwana Adeltus akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka, lakini hakuwa na karatasi ya kuyaandikia. Mikidadi akamhurumia, akamwambia aende, kazi itafanyika.

Asubuhi yake alikwenda mdomoni mwa korongo. Hakuchimba msingi. Aliweka ubao juu ya udongo mbichi, akatia karai moja ya saruji na karai kumi na mbili za mchanga, kama wenzake walivyofanya maisha yao yote. Akamwagia maji, akakoroga, akamimina. Hakuna nondo, hakuna kokoto. Juu akapaka plasta ya kung'aa, akachonga herufi za vyeo kwa uzuri ule ule. Alianza saa mbili. Saa sita mchana alikuwa amemaliza, hata jasho halijamtoka.

Akarudi nyuma hatua tatu akalitazama. Lilionekana sawasawa na mengine.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema. Akaketi chini pale pale juani, akafunika uso kwa mikono iliyojaa mchanga, akalia kilio ambacho hakulia makaburini.

Waziri alikuja, akavuta pazia, akahutubia. Bwana Kijoga akamwambia Mikidadi kwamba hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Wiki iliyofuata ikanyesha mvua ya kawaida tu, hata mitaro haikujaa, na jiwe la arobaini na mbili likayeyuka likaenda na maji. Baba wa Vijito alionekana mara ya mwisho akielekea kwenye mpunga.

Mikidadi akaitwa ofisini.

"Mzee, umenivua nguo!" Sauti nyembamba ya Bwana Kijoga ilikuwa imepanda hadi darini. "Jiwe la Waziri! Wewe! Miaka yote hii hujawahi kujenga vibaya!"

"Nimejenga vibaya, Mkurugenzi. Si hilo. Yale arobaini na moja ndiyo yenye ubaya. Nataka kukiri kwa maandishi."

Bwana Kijoga aliketi, maana aliijua kanuni. Kanuni za ujenzi za nchi ile, kifungu ambacho hakikuwahi kutumika tangu kitungwe kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kukiri, kinasema hivi: fundi akikiri kwa mkono wake kwamba kazi ni mbovu, atabomoa kwa nguvu zake mwenyewe, wala haihitajiki idhini ya mtu mwingine yeyote. Mikidadi alikisikia kifungu hicho tangu ujana wake, akakicheka.

Akapewa karatasi. Akaandika kwa herufi zake nzuri kwamba yeye, Mikidadi bin Salehe, fundi mwashi, amejenga mawe arobaini na moja kwa ubovu uliopitiliza, bila ujuzi, bila kujali, na kwamba hastahili kuitwa fundi. Alipofika kwenye neno fundi aliinua kalamu, kisha akaliandika hivyo hivyo. Bwana Kijoga akagonga muhuri.

Siku hizi yuko pale korongoni na sululu, mtaimbo na nyundo, yeye na wale waliobaki Bondeni. Bi Sihaba huletwa kwa toroli, huketi na birika la chai akiwahimiza. Jiwe moja huwachukua siku nne, kwa kuwa lilijengwa na mtu aliyejua kazi. Walianza na lile la Waziri, lililozibwa tundu. Ukipita Mapambio mchana ukasikia nyundo, ndugu yangu, usidhani wanajenga.